Matundu Matatu ya Kona ya Kulia

Mkurugenzi aliweka kidole juu ya matundu matatu ya kona ya kulia, akasema, "Haya yafunge," nami nikajibu, "Sawa, Ndugu Mkurugenzi." Maneno matatu. Nimeishi miaka mingi baada ya asubuhi ile na nimesema mengi, mengine ya uongo na mengine ya kijinga, lakini hayo matatu ndiyo ambayo ningependa kuyameza.

Hakunitisha. Aliniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa nafasi ya kubisha. Ningesema hapana, adhabu yangu pengine ingekuwa kubaki karani kama nilivyokuwa. Hilo nalijua sasa, na kusema kweli nililijua hata siku ile.

Lazima nieleze kadi zenyewe, maana bila kuzielewa kadi huwezi kuelewa nilichokifanya.

Shirika letu la umma lilitengeneza majiko ya mafuta ya taa, yale ya kupampu, katika viwanda vitatu: kimoja Barabara ya Pugu hapa Dar es Salaam, kimoja Tanga, na cha tatu Kanda ya Ziwa. Makao makuu yalikuwa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, na ghala kuu lilikuwa Gerezani, karibu na reli. Majiko yote yaliletwa ghalani, yakagongwa namba, yakatiwa kwenye maboksi yenye nembo moja, ndipo yakasafirishwa kwenda kwenye maduka ya ushirika nchi nzima. Kabla yangu kila kiwanda kilitoa taarifa zake kivyake. Kimoja kiliandika barua, kingine kilipiga simu ya upepo, cha tatu kilisubiri kikumbushwe. Mkurugenzi akiuliza kuna majiko mangapi madogo nchini, makarani watatu walihangaika wiki nzima na kurudi na majibu matatu.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne tu. Shirika lilinipeleka kozi ya miezi mitatu ya utunzaji wa kumbukumbu, na huko nikaonyeshwa kadi ngumu zenye matundu kuzunguka kingo zote. Miaka ile serikali ilikuwa imezuia kompyuta kuingizwa nchini, na hata zingekuwapo, nani angetupa sisi wa majiko? Kadi hizi hazikuhitaji umeme. Kila fungu la majiko lilikuwa na kadi yake, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hili jiko dogo, lile kubwa, hili mwezi wa tatu, lile limepelekwa kusini. Kama fungu lilikuwa la majiko madogo, ulikata ukingo wa tundu la "dogo" kwa kikatio kama cha kondakta wa basi, tundu likageuka kuwa mwanya. Baadaye ukitaka kujua, ulishika bunda zima la kadi, ukapitisha sindano ndefu kwenye tundu hilo, ukainua, ukatikisa. Zisizokatwa zilining'inia kwenye sindano. Zilizokatwa zilianguka mezani, na hizo ndizo zilikuwa jibu lako.

Sindano ya kwanza nilipewa na mke wangu. Alikuwa fundi wa cherehani, akishonea barazani pa nyumba tuliyopanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alikuja mjini na sindano mbili za kufumia sweta kutoka kwao Kilimanjaro, na zilikuwa zimelala sandukuni tangu tuoane.

"Joto lote hili nitamfumia nani sweta?" alisema. "Chukua moja. Lakini ukiipoteza, bwana wee, utanifumia kwa vidole."

Nilichora kadi yangu kwa miezi miwili. Matundu yalikuwa machache na mambo ya kukumbuka yalikuwa mengi, kwa hiyo kila tundu nililipima. Kona ya juu, upande wa kulia, niliacha matatu kwa ajili ya viwanda: Pugu, Tanga, Ziwa. Kabla ya kwenda kwa mkurugenzi nilimpelekea mchoro mtunza ghala mkuu, mzee mwenye asili ya Kiarabu aliyekaribia kustaafu, ambaye aliyajua majiko yetu kuliko mainjinia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ndiyo mashine yako? Mbona imetobolewa kama chujio la nazi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza huku akiokota majiko kutoka kwenye rundo moja baada ya jingine, akiyagonga kwenye tangi kwa pete yake ya fedha. "Pugu," alisema. Akagonga jingine. "Tanga." La tatu lilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekatizwa maneno. Akalishika sikioni, akaligonga tena. "Ziwa. Risasi ya kuchomelea ya zamani imewaishia, na fedha za kigeni za kuagiza nyingine hazipo. Wanachomelea na kitu kingine. Sijui ni kitu gani, lakini mlio wake siupendi."

Kisha akanirudishia mchoro, kidole kwenye kona ile ile ya kulia. "Haya matatu usiyaache, mwanangu. Mimi nikistaafu masikio yangu siyaachi ghalani."

Siku tatu baadaye nilikuwa mbele ya mkurugenzi.

"Wizarani kuna watu wanauliza kiwanda kipi bora," aliniambia. "Ukiwapa matundu haya, kesho watasema watu wa Ziwa wazembe, keshokutwa watu wa Tanga watatembea vifua mbele. Tunajenga taifa au tunapanga ligi ya mpira? Kiwanda chetu ni kimoja, kijana. Kina mapaa matatu."

Nilijua kwamba kiwanda cha Ziwa ndicho alichokipigania yeye mwenyewe mpaka kikajengwa. Nilikumbuka pia ule mlio wa tangi. Niliufungua mdomo kuutaja, lakini naye akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mfumo ukianza kutakuwa na kitengo cha takwimu, na kitengo kitahitaji mkuu.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ni hotuba ile ya taifa moja iliyonishawishi. Kilichonishawishi kilikuwa kiti. Nilisema maneno yangu matatu, nikarudi mezani, na matundu ya viwanda nikayapa kazi ya kuonyesha ukubwa wa boksi.

Niliongeza na kosa ambalo hakuna aliyeniagiza. Karatasi zilikuwa adimu na makabati yalikuwa yamefurika, hivyo katika mwongozo wa mfumo niliandika kwamba hati za shehena zinazokuja na mizigo kutoka viwandani zikishanakiliwa kwenye kadi zisihifadhiwe. "Kadi ndiyo kumbukumbu," niliandika, na sentensi ile niliipenda. Hati zile ndizo pekee zilizotaja kiwanda.

Mfumo ulifanya kazi. Makarani ambao zamani walihangaika wiki nzima walijibu sasa kabla chai haijapoa. Tulipohitaji sindano nyingi tulinunua spoki za baiskeli Mtaa wa Kongo tukazinyoosha, ila ya mke wangu niliiweka mwenyewe kwenye droo yangu. Nilipewa ukuu wa kitengo, meza yenye kioo na muhuri wa mpira wenye sahihi yangu. Mzee wa ghala alistaafu akaenda Kilwa. Siku ya kumuaga aliniuliza tu, "Yale matatu uliyaacha?" Nikamwambia ilishindikana. Aliizungusha pete yake kidoleni, akasema, "Haya." Hatukuonana tena.

Kama mkuu wa kitengo nilipata pia kibali cha kununua jiko. Wakati huo mkaa ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, na jiko letu lilikuwa la kwanza katika nyumba ile ya vyumba sita. Mke wangu aliliweka uani chini ya upenu, akalipangusa kwa kitambaa cha mabaki ya nguo za wateja. Mama mwenye nyumba alilizunguka akilitazama, akasema, "Haya, wenzetu wameshahamia Oysterbay." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Barua ya kwanza ilitoka duka la ushirika la Dodoma. Jiko limepasuka tangi, mnunuzi ameungua shingo. Niliipeleka kwa mkurugenzi, akasema jiko moja katika maelfu si kitu. Ya pili ilitoka Singida. Ya tatu ilitoka Lindi, na ndani yake meneja wa duka alikuwa amefunga kipande cha tangi kwenye gazeti. Kilikuwa kimefumuka pale pale kwenye mshono, safi, kama mshono wa nguo uliokatwa kwa wembe. Nilikigonga kwa kalamu. Kikatoa ule mlio mfupi.

Nilifunga mlango, nikatoa kadi na sindano ya mke wangu. Nilitafuta mafungu ya majiko yale matatu kwa namba zake. Kadi zote tatu ziliniambia ukubwa wa jiko, mwezi, mkoa liliokwenda na ukubwa wa boksi. Nilizipanga mezani nikazitazama kona zake za kulia. Kulikuwa na maelfu ya majiko nchini yaliyotoka Ziwa, yamechanganywa na ya Pugu na ya Tanga, yamegongwa namba za mfululizo mmoja, na mimi nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kujibu swali lolote isipokuwa hilo.

"Tuyarudishe yote," nilimwambia mkurugenzi.

"Yote? Nchi nzima? Kwa sababu ya matatu? Na watu wapikie nini, mapaja yao?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Watu wetu hawajazoea majiko haya. Wanapampu kupita kiasi. Andika matumizi mabaya."

Nikaandika. Nilitunga barua moja ya majibu, fupi na ya heshima, ikapigwa chapa nakala nyingi zenye nafasi ya kujaza jina la mnunuzi na namba ya jiko. Ilimalizia hivi: "Uchunguzi umeonyesha kuwa ajali ilitokana na matumizi mabaya." Karani alipewa nakala hizo na muhuri wa sahihi yangu, ili asinisumbue kila barua inapoingia. Nazo ziliingia.

Jioni ya siku ile nilipofika nyumbani nilipiga magoti uani nikasoma namba ya jiko letu.

"Umepoteza nini?" mke wangu aliuliza.

"Sijapoteza kitu."

Asubuhi, ofisini, niliitafuta kadi ya jiko hilo. Jiko dogo, mwezi wa tano, Dar es Salaam, boksi dogo. Niliporudi nyumbani nililigonga tangi kwa ufunguo, nikaligonga kwa kijiko. Nilidhani nimesikia mlio wa Pugu. Kesho yake nilidhani nimesikia wa Ziwa. Sikuwa na masikio ya mzee yule, na Kilwa ilikuwa mbali, barabara imekatika kwa mvua.

Ndipo nilipokumbuka hati za shehena. Hazikuwa zimechomwa. Karatasi hazikuchomwa na mtu miaka ile. Mhudumu wa ghala aliziuza kwa kilo Kariakoo, na wauza karanga walizikunja kuwa vifuko vya kufungia. Siku moja nilinunua karanga pembeni ya soko, nikazimimina mfukoni, nikakunjua karatasi, nikakuta nembo ya shirika langu. Ilikuwa nusu ya hati, na namba ya fungu na jina la kiwanda, Tanga, vilisomeka.

Kwa wiki tatu nililizunguka soko kila nilipotoka kazini. Nilinunua karanga kwa kila muuzaji mwenye karatasi nyeupe zenye mistari ya bluu. Nyingine zilikuwa madaftari ya shule, nyingine fomu za posta. Mara moja moja ilitokea ya kwetu, imelowa mafuta, imekatika mahali penye namba.

"Ndugu," muuzaji mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "hivi wewe unakula karanga au unakula karatasi? Sema tukupimie karatasi tupu."

"Muacheni," mwenzake akadakia, "anatafuta barua ya mchumba wake."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Nilipata hati tisa zinazosomeka. Nne zilikuwa za Ziwa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya fungu la jiko letu. Mfuko wa koti langu ulinuka karanga zilizochacha, na mke wangu alipoukung'uta uani kuku wa mama mwenye nyumba walimfuata kutwa nzima.

Sasa ni lazima niandike kile ambacho sijakiandika popote. Sikumwambia.

Ningeweza kulibeba jiko lile nikalitupa katika Mto Msimbazi. Lakini angeuliza kwa nini, na nikimjibu, angewaambia majirani, maana hakuwa mtu wa kumuona mwenzake akielekea shimoni akanyamaza. Kesho yake Kariakoo nzima ingesema mkuu wa takwimu wa shirika amelitupa jiko lake mwenyewe. Na barua zilizokuwa zikienda Singida na Lindi zilikuwa na sahihi yangu. Kwa hiyo nilifanya hesabu ya mwoga. Viwanda ni vitatu, nikajiambia, kibaya ni kimoja. Kwa hiyo mara mbili kati ya tatu hili ni zima. Kila alipoinama kulipampu nilisimama mlangoni nikihesabu mipigo ya pampu moyoni.

"Usilipampu sana," nilimwambia.

"Kwani limekuwa mke mwenzangu hata unalionea huruma?"

"Mafuta ni ya shida."

"Basi kaa njaa."

Hayo ndiyo maonyo niliyompa.

Lilipasuka siku ya Jumamosi, mchana kweupe, wakati nimekwenda kununua samaki Kivukoni. Niliporudi nilikuta watu wamejaa uani na ukuta wa upenu umekuwa mweusi. Mama mwenye nyumba alikuwa amemfunika kwa kanga zilizoloweshwa maji. Uso ulinusurika kwa sababu aliukinga kwa mikono yake yote miwili. Mikono haikunusurika.

Alilazwa wiki nyingi. Nilikaa naye kila siku baada ya kazi, na baadaye nikaacha kwenda kazini kabisa. Hakulalamika sana. Aliuliza habari za nguo za wateja, akanituma nimrudishie mmoja kitambaa chake cha harusi ambacho hakijakatwa. Aliitazama ile mikono iliyofungwa bandeji nyeupe, minene kama ngumi za mabondia, akaniuliza kama kidole kimoja kimoja kinaweza kurudi. Nikamwambia daktari hajasema. Daktari alikuwa ameshaniambia.

Kumbe mama mwenye nyumba, kwa uchungu wake, alikwenda duka la ushirika lililoliuza jiko, akaandikisha malalamiko kwa jina la mke wangu, na namba ya jiko akaitaja. Duka likapeleka ofisini kwetu. Mimi sikuwapo. Karani wangu alifanya kama mwongozo wangu ulivyomwagiza.

Alasiri moja mama mwenye nyumba aliingia wodini na bahasha ya kaki, ameishika kama mtu anayeleta zawadi. "Haya, mwanangu, wamejibu. Shirika limejibu. Labda watakulipia hata matibabu." Akaiweka kifuani mwa mke wangu.

Mke wangu aliinua ile mikono ya bandeji, akatabasamu. "Nisomee," akaniambia mimi.

Niliifungua. Ilikuwa barua yangu. Jina lake lilikuwa limejazwa kwa wino kwenye ile nafasi, mwandiko wa karani, na chini kulikuwa na muhuri wa sahihi yangu, umegongwa upande kidogo kwa haraka. Ningeweza kusoma maneno mengine. Hata hilo nililifikiria. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na kusoma alijua, amejifunza darasa la kisomo cha watu wazima.

Nikaisoma mpaka mwisho.

Wodi ilikuwa na kelele za saa ya kutazama wagonjwa, watu wakimimina uji, wakicheka. Mke wangu aliikazia macho ile karatasi. Kisha akasema, "Rudia hapo mwisho."

Nikarudia. Matumizi mabaya.

"Na hiyo sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Umeandikiwa au umeandika?"

"Niliandika mwenyewe. Zamani. Kabla ya hili lako."

Alinitazama. Hakuwa mjinga, aliunganisha ufunguo na kijiko nilivyovigonga kwenye tangi, magoti yangu uani, karanga, na ile "usilipampu sana". Niliona usoni mwake kila kimoja kikifika mahali pake.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema.

"Sikuwa na hakika ni lipi."

"Sikukuuliza lipi."

Hakupandisha sauti. Aligeuza uso upande wa dirisha, na mama mwenye nyumba akanishika mkono akanitoa nje kama anavyotolewa mlevi msibani.

Kaka zake walikuja kumchukua alipotolewa hospitali. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana. Wa kushoto aliweza kushika kikombe. Cherehani alimwachia mama mwenye nyumba. Kwangu aliacha nguo zangu zimekunjwa, sijui alizikunjaje. Nilimwandikia mara nyingi. Hakujibu, na baadaye nikatambua kwamba ili ajibu angehitaji kumwambia mtu mwingine maneno yake, naye hakutaka mtu wa tatu ayajue.

Mkurugenzi alihamishiwa shirika jingine. Mfumo wa kadi uliendelea miaka kadhaa, ukasifiwa, ukafa na shirika lenyewe. Matundu ya viwanda hayakurudishwa kamwe. Mimi niliacha kazi, lakini nilichelewa, na kuacha kwangu hakukumsaidia mtu. Sikwenda wizarani na zile hati tisa. Ninazo mpaka leo, na ile sindano, ndani ya boksi la viatu.

Mke wangu alifariki kwao. Habari zilinifikia baada ya mazishi, kwa mdomo wa mfanyabiashara wa huko aliyekuwa na duka Kariakoo, ambaye hakujua kwamba aliyekuwa akimtaja ni mke wangu. Alisema yule mama wa mikono mibovu, aliyewafundisha wasichana kushona kwa kuwaelekeza kwa maneno, amekufa.

Kwa kukubali kufunga matundu matatu nilimpotezea mke wangu mikono yake, na yeye nikampoteza. Sikuoa tena, sina mtoto, na watu wa Dodoma, Singida na Lindi walioungua baada ya barua zangu sijui hata majina yao.